Adui Anayerudi: Somo kwa Wasimulizi wa Mchezo wa Hadithi

Katika bweni letu, siku za Jumamosi usiku baada ya chakula na kabla ya taa kuzimwa, huchezwa mchezo ambao wengi wenu mmeusikia ukitajwa lakini hamjaelezwa barabara. Wengine huuita mchezo wa hadithi, na wengine huuita mchezo wa kopo. Mimi niko kidato cha nne, na huu ndio mwaka wangu wa mwisho hapa. Kwa sababu hiyo naona yafaa niandike niliyojifunza katika kazi ya usimulizi, ili wenzetu wa kidato cha pili watakaouendeleza wasianze tena tangu mwanzo. Nitasema hasa juu ya jambo moja lililo gumu kuliko yote, nalo ni kumweka katika hadithi adui atakayerudi mara kwa mara, na kila arudipo wachezaji wakae wima.

Mchezo wenyewe ni huu. Watu watano au sita hukaa kuizunguka meza. Mmoja ni msimulizi. Wengine kila mmoja hujichagulia mtu wake katika hadithi: huyu mwindaji, huyu mganga, huyu mhunzi, na kadhalika. Msimulizi hueleza mahali walipo na mambo yanayotokea, kisha huwauliza, "Mwafanya nini?" Nao hujibu. Jambo likiwa na shaka, mathalan mwindaji akitaka kuruka korongo, bahati ndiyo huamua. Wenzetu wa nchi nyingine hutumia dadu lenye pande 20. Sisi tumeandika namba 1 mpaka 20 juu ya vipande vya karatasi, tukavitia katika kopo. Mchezaji huvuta kimoja, hukisoma mbele ya wote, kisha hukirudisha. Namba kubwa ni heri, na namba ndogo ni shari.

Mchezo wa kwanza wa namna hii kuchapishwa ulitoka Marekani mwaka 1974. Jina lake ni Dungeons & Dragons, na watungaji wake ni Gary Gygax na Dave Arneson. Lakini mtu asidhani kwamba ni jambo geni kabisa kwetu. Bibi asemapo "Paukwa!" hangoji kusikilizwa tu, bali hungoja kuitikiwa "Pakawa!" Msikilizaji wa hadithi zetu tangu zamani ana sehemu yake katika kazi. Mchezo huu umemwongezea sehemu hiyo tu.

Sasa niingie katika somo. Msimulizi mwanafunzi, akianza kazi hii, hupenda kuleta adui mpya kila wiki. Leo simba, Jumamosi ijayo wezi, ile nyingine zimwi lenye vichwa saba. Wachezaji hufurahi mara mbili tatu, halafu huchoka. Huchoka kwa sababu adui wa leo hajui lolote juu yao, wala wao hawajui lolote juu yake. Wahenga walisema, "Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Nami nimeona kwamba zimwi likujualo ndilo linaloogofya zaidi, kwa kuwa linajua mlango wa nyuma wa nyumba yako. Basi tunataka adui anayetujua. Zifuatazo ni njia saba za kumpata.

Kwanza, awe na haja inayoeleweka. Mtu mbaya kwa sababu ya ubaya tu hana maneno ya kusema, na msimulizi atabaki akimchekesha kicheko cha kutisha mpaka wachezaji nao wacheke. Tazameni Utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Adui wa Liyongo ni sultani wa Pate, Daudi Mringwari. Yeye haamki asubuhi akasema, "Mimi ni mwovu." Anamwona mtu mwenye nguvu, hodari wa upinde, na mwenye kusifiwa na watu kuliko mwenye kiti. Anahofia ufalme wake. Hofu hiyo kila mmoja wetu anaifahamu, hata kama hatuna ufalme wa kuhofia.

Katika hadithi yetu ya mwaka huu adui aliitwa Mpima Maji. Mimi natoka Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, ambako vitunguu hulimwa kwa maji ya mifereji, na ugomvi juu ya zamu ya maji si jambo la ajabu. Nilipokuja Digodigo nikakuta tena mifereji, na nikajifunza kwamba katika vijiji vya Wabatemi baraza la wazee waitwao wenamiji tangu zamani ndilo lililosimamia zamu za maji. Hapo nikapata bonde la hadithi yangu. Ni bonde lisilo katika ramani, lenye chemchemi moja na vijiji vitano. Mwaka wa ukame watu walipigana mfereji ukabomoka, na maji yote yakamwagika jangwani. Mtu mmoja akasimama akasema, "Nipeni kijiti, nitapima mimi." Akapima kwa haki, na bonde likapona. Lakini mvua iliporudi hakukirudisha kijiti. Huyo ndiye Mpima Maji. Wachezaji wangu walimchukia, lakini hata mmoja hakuweza kusema kwamba wema wake wa kwanza ulikuwa uongo.

Pili, awe na alama. Katika ngano zetu Fisi akiingia, hata kabla hajatajwa jina, watoto wote wanajua kwamba ndiye, kwa maana ulafi wake unamtangulia. Alama haina haja ya kuwa kubwa. Mpima Maji alikuwa na kijiti chenye mikato kumi na mbili, na kila alipokaa alikigonga chini mara tatu. Basi. Baada ya majuma kadhaa nilikuwa nikigonga meza mara tatu kwa kalamu, pasipo kusema neno, na meza nzima ikanyamaza. Msimulizi achague alama inayosikika au inayoonekana upesi, kisha asiitumie ovyo.

Tatu, aonekane mapema, wala asionekane vitani. Akikutana na mashujaa kwa mara ya kwanza akiwa na upanga mkononi, watampiga, na ama yeye atakufa, ama wao. Afadhali wakutane naye sokoni, au barazani, au njiani akiwasaidia kusukuma mkokoteni. Tena si lazima awepo mwenyewe kila mara. Profesa Moriarty, adui maarufu wa Sherlock Holmes, huonekana uso kwa uso katika hadithi moja tu ya Arthur Conan Doyle, ile ya mwaka 1893, lakini watu duniani pote wanamkumbuka kana kwamba alikuwamo katika zote. Yatosha wachezaji waone kazi ya mkono wake, kama vile mfereji uliozibwa usiku, barua, au mtumishi anayetetemeka akitajiwa jina la bwana wake. Mringwari naye hakwenda mwituni mwenyewe. Aliwatumia watu wa mwituni, akawaahidi fedha wakileta kichwa cha Liyongo.

Nne, kuokoka kwake kusitegemee bahati tupu, wala kusiwe kwa hila ya msimulizi. Hapa naomba tutumie hesabu kidogo. Tuseme adui akitaka kukimbia ni lazima zitoke namba 11 au zaidi. Namba hizo ni 10 kati ya 20, yaani nusu. Akikutana na mashujaa mara nne, nafasi yake ya kuokoka mara zote nne ni nusu mara nusu mara nusu mara nusu, nayo ni sehemu moja katika 16. Maana yake ni kwamba msimulizi anayeweka tumaini lake katika kopo atampoteza adui wake upesi, mara 15 katika kila 16.

Wapo wanaokwepa jambo hili kwa hila. Mchezaji akishika adui shingoni, msimulizi husema, "Ghafla ardhi ikapasuka, akatoweka." Nilimwona msimulizi mmoja wa bweni jingine akifanya hivyo mara tatu usiku mmoja, na Jumamosi iliyofuata meza yake ilikuwa na viti vitupu. Wachezaji husamehe kushindwa, lakini hawasamehi kunyang'anywa ushindi walioupata. Dawa yake ni maandalizi. Kabla ya mchezo kuanza, andika katika daftari mambo mawili: adui ana njia gani ya kuondoka, na ana kitu gani ambacho mashujaa watapenda kukiokoa kuliko kumfukuza yeye. Mpima Maji hakukaa mahali pasipokuwa na mlango wa pili. Na mara moja, mashujaa walipomkaribia, alifungua lango la mfereji mkubwa, maji yakaelekea nyumba za watoto. Aliwaambia tu, "Chagueni." Wakachagua watoto. Hakuna aliyelalamika kwamba ameonewa, kwa sababu walichagua wenyewe. Na kama, pamoja na maandalizi yako yote, wamemshika, basi wamemshika. Uungwana wa mchezo ndio huo.

Tano, ajifunze. Adui arudipo na hila ile ile, huyo si adui, ni mgeni asiyejua kuaga. Turudi tena kwa Mringwari. Mara ya kwanza watu wake walimwalika Liyongo katika kikoa cha kula makoma, ambapo kila mmoja kwa zamu yake hupanda mti kuyaangusha. Walitumaini kumpiga mishale akiwa juu. Liyongo hakupanda. Aliyaangusha makoma kwa mishale yake akiwa chini. Mara ya pili sultani hakutumia mti, alitumia gereza na pingu. Liyongo akaletewa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, akakata pingu huku ngoma ya gungu ikilia na kuifunika sauti ya chuma. Mara ya tatu sultani hakutumia mti wala gereza. Alimtumia mtoto wa Liyongo mwenyewe, akamwahidi makubwa, naye akaijua siri ya baba yake, kwamba hauawi ila kwa sindano ya shaba ya kitovuni. Kikulacho ki nguoni mwako. Oneni ngazi hiyo: kwanza wageni, pili minyororo, tatu damu yake mwenyewe. Kila mara sultani alijifunza kutokana na kushindwa kwake, na kila mara alikaribia zaidi moyo wa shujaa.

Wenzetu wa Marekani nao wana adui wa namna hiyo, jina lake Strahd. Alitungwa na Tracy na Laura Hickman, akatoka katika kitabu cha mchezo kiitwacho Ravenloft mwaka 1983. Ni mtawala mnyonya damu, mwenye ngome yake juu ya bonde. Katika kitabu hicho karata huvutwa tangu mwanzo ili kuamua anataka nini safari hii, na silaha za kumshinda zimefichwa wapi. Hivyo hata mtu aliyekwisha kumjua hawezi kusema anamjua kabisa. Msimulizi wetu anaweza kufanya vivyo hivyo kwa kopo lake. Aandike haja tatu za adui, avute moja kwa siri, aikunje, aiweke mfukoni.

Sita, asipewe kabila. Naomba wasimulizi wapya walisome jambo hili mara mbili. Katika bweni moja tunalala Wabatemi, Wamaasai, Wairaki, Wachaga na wengineo. Katika wilaya hii watu wamewahi kugombana juu ya ardhi na malisho, na wako kati yetu ambao ugomvi huo umeingia nyumbani kwao. Mchezo huchezwa usiku, lakini asubuhi tunachota maji katika bomba moja. Ukimvika adui wako nguo za jirani fulani, au ukimfanya aseme kwa matamshi ya watu fulani, utapata kicheko cha upesi, na mwenzako mmoja mezani hatacheka. Hatasema neno. Ila Jumamosi ijayo atakuwa na kazi nyingine.

Hata waandishi wakubwa wamepata lawama katika jambo hili. Mwalimu Nyerere alitafsiri mchezo wa Shakespeare kwa jina la Mabepari wa Venisi, nao ulitoka mwaka 1969. Humo Shailoki ana haja inayoeleweka sana, kwa maana ametukanwa na kudharauliwa muda mrefu kabla hajadai ratili yake ya nyama. Lakini kwa kuwa amewekwa kuwa Myahudi, na Uyahudi wake ukatajwa tajwa, watu waliowachukia Wayahudi wamemtumia kuwa ushahidi wa chuki yao. Kama hayo yamempata Shakespeare, sembuse sisi wenye kopo? Mpima Maji hakuwa na kabila. Alikuwa na kijiti, na njaa ya kutawala. Katika vijiji vyote vitano palikuwa na watu waliompinga na watu waliomwuzia siri. Kila mchezaji angeweza kumkuta ndugu yake upande wowote.

Saba, awe na mwisho. Adui anayerudi milele huwa kama mbu, mtu humzoea akajifunika shuka. Msimulizi ajue tangu mwanzo hadithi itakwenda kwa muda gani. Sisi tulipanga mihula miwili. Na mwisho usiwe lazima kifo. Mringwari alishinda, lakini ushindi gani? Liyongo alipochomwa aliinuka na upinde wake, akapiga goti karibu na kisima, na watu wakaogopa kwenda kuteka maji kwa siku nyingi wakidhani yu hai. Hata yule kijana hakuyapata aliyoahidiwa. Huo ni mwisho unaobaki kichwani.

Mwisho wa Mpima Maji haukutungwa na mimi, nao umenifunza kuliko mengine yote. Mashujaa walimshika kwenye chemchemi, kwa haki kabisa, kwa namba 18. Wanne wakasema auawe mara moja. Mwenzetu wa tano, ambaye ni mtu wa maneno machache, na katika hadithi alikuwa mhunzi, akauliza swali. "Zile namba za kugawa maji, nani mwingine anazijua?" Nikafungua daftari, nikatazama. Hapakuwa na mwingine. Kwa miaka yote ile alikuwa amepima peke yake, na hakuna aliyejifunza.

Wakabishana mpaka mwalimu wa zamu akaja kuzima taa. Mmoja akasema kumwacha hai ni kuwatukana waliokufa kwa kiu. Mwingine akasema kumwua ni kuwaua wengine kwa kiu hiyo hiyo. Juma zima walibishana wakielekea darasani na wakifua nguo. Jumamosi wakakata shauri, watatu kwa wawili, kwamba kijiti chake kivunjwe vipande vitano, kila kijiji kipewe kimoja, naye akae chini ya ulinzi awafundishe watoto kumi kutoka kila kijiji mpaka wajue kupima. Wale wawili walioshindwa kwa kura hawakuridhika, wala hawajaridhika mpaka leo. Mimi sikuwaambia nani alikuwa na haki. Si kazi ya msimulizi.

Walimu na wazazi wengine wameuliza kama mchezo huu unatupotezea wakati. Ni swali la haki. Tunacheza usiku mmoja katika juma, na wakati wa mitihani kopo hufungiwa sandukuni. Faida zake nimeziona. Msimulizi hujifunza kupanga habari kwa taratibu, kusema mbele ya watu, na kuhesabu sehemu bila kutumwa. Mchezaji hujifunza kungoja zamu yake. Tena mtu akiwa ameketi mihula miwili mbele ya adui aliyeanza kwa kutenda mema, hawezi tena kudhani kwamba uovu huja siku zote na pembe kichwani. Ataanza kuangalia nani ameshika kijiti, na kama mvua ilikwisha kurudi.

Kwa wasimulizi wa kidato cha pili nina maagizo machache ya mwisho. Vipande vya karatasi namba 7 na namba 13 vimechakaa, na mtu mwenye vidole vyepesi anaweza kuvitambua kwa kuvipapasa. Viandikwe upya. Daftari la bonde lina kurasa nyingi tupu. Na wale watoto kumi wa kila kijiji jumla yao ni hamsini, nao wote sasa wanajua kupima maji. Mkitaka adui mpya, hamna haja ya kwenda mbali.